Tao la mawe la reli: lashikwa na chokaa, na uzito wake, au na nini?

#1 Mwashi wa Kibokoni
Salaam wana jukwaa. Nasema hivi, na anayepinga aje na hoja: kwenye daraja la reli la matao ya mawe, chokaa iliyo baina ya mawe haishiki kitu. Lau ungeweza kuitoa yote usiku mmoja, mawe yakabaki yamekaa vile vile, treni ya asubuhi ingepita. Kinachosimamisha daraja ni uzito na umbo.

Tazameni Carrollton Viaduct kule Baltimore, Marekani. Lilimalizwa 1829, tao lake kubwa lina upana wa mita 24 hivi kutoka mguu hadi mguu, na hadi leo lapitisha treni za mizigo. Thomas Viaduct juu ya mto Patapsco lina matao 8 na urefu wa mita 187, lilimalizwa 1835 wakati injini za reli zilikuwa za tani chache tu. Injini ya dizeli ya Marekani ya ekseli sita leo ina kama tani 190. Chokaa gani ya 1835 ilipigiwa hesabu ya mzigo huo?

Maswali yangu ni mawili. Kama si chokaa, ni nini hasa? Na kama ni uzito, mbona baadhi yake huharibika?

#2 Kipimo
Umepata nusu. Mwanasayansi Robert Hooke alilieleza 1675: ning'iniza mnyororo, umbo unalojichorea wenyewe ulipindue juu chini, hilo ndilo umbo la tao linalogandamizwa tu bila kuvutwa popote. Ndani ya kila tao mna mstari wa msukumo, yaani njia ambayo mzigo hupita toka jiwe hadi jiwe. Mstari ukibaki kwenye theluthi ya kati ya unene wa jiwe, hakuna kiungo kinachofunguka. Ukifika ukingoni, kiungo hufunguka upande wa pili na mahali pale pakawa bawaba. Tao lenye bawaba tatu bado lasimama. Bawaba ya nne ikitokea, lashuka.

Sasa hesabu ya kukisia, mzigo ukiwa sawa kila mita, tuuite w. Msukumo wa ubavuni ni w mara upana mara upana, gawanya kwa kimo mara 8. Tao la nusu duara la mita 20, kimo mita 10: ubavuni 5w, na kila upande washusha chini 10w. Chukua tao bapa kama yale ya mhandisi Brunel pale Maidenhead, Uingereza, upana mita 39 na kimo mita 7 tu: ubavuni 27w, chini 19.5w. Yaani tao bapa lasukuma pembeni kuliko linavyobonyea chini. Kwa hiyo hata umbo halitoshi, lazima pembeni pawe na kitu kisichosogea.

Na jiwe lenyewe halichoki. Granite njema hustahimili zaidi ya megapaskali 100 (kipimo cha mgandamizo), na ndani ya matao haya mgandamizo kwa kawaida ni megapaskali chache.

#3 Tanuu la Chokaa
Mwashi, umesema "mawe yakabaki yamekaa vile vile". Kazi yote ya chokaa umeificha ndani ya maneno hayo matano!

Jiwe lililochongwa kwa patasi halina uso bapa. Ukilaza jiwe juu ya jiwe pasipo kitanda cha chokaa, yatagusana kwenye vinundu vitatu vinne. Ile megapaskali chache ya Kipimo yakusanyika kwenye vinundu, na hapo hupanda mara nyingi mpaka pembe ya jiwe yamenyuka. Chokaa haigundishi, nakubali, lakini hueneza mzigo. Pia chokaa hukubali kujongea. Nguzo ikishuka polepole, kiungo cha chokaa hupasuka nyufa za unywele, kisha maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiweka tena ndani ya ufa. Saruji ngumu haina subira hiyo, yenyewe hupasuka na jiwe pamoja.

Ila tusichanganye chokaa zote. Chokaa tupu, kama hii yetu ya kuchoma matumbawe, huganda kwa hewa, kuanzia nje kwenda ndani. Katikati ya nguzo ya unene wa mita 3 yaweza kubaki laini miaka na miaka, na ndani ya maji haigandi kabisa. Ndiyo maana kwenye mito walitumia saruji ya asili. Starrucca Viaduct kule Pennsylvania, 1848, matao 17, kimo mita 30: misingi yake ni ya zege la saruji ya Rosendale, miongoni mwa zege la mwanzo kubeba daraja nchini Marekani.

#4 Bint Makupa
Na daraja la Rockville kule Pennsylvania mbona mwalipita? Ndilo daraja refu zaidi la reli la matao ya mawe duniani, juu ya mto Susquehanna. Mwaka 1997 lilibomoka na mabehewa ya makaa ya mawe yakaingia mtoni. Mawe matupu yale, uzito upo, umbo lipo.

#5 Kipande cha Reli
Dada, hapo yataka kurekebishwa mambo mawili.

Si mawe matupu. Lilifunguliwa 1902, matao 48 ya mita 21 kila moja, jumla mita 1,164. Nje ni mawe ya kuchongwa, ndani ni zege. Ni la tatu mahali pale: la kwanza la mbao 1849, la pili la chuma 1877.

Na hakuna tao lililoanguka 1997. Kilichoanguka ni sehemu ya ukuta wa ubavu, ule unaosimama juu ya ukingo wa tao kuzuia kifusi kilichojazwa juu ya tao kisimwagike. Ukuta huo haufaidi chochote kwa umbo la tao, kazi yake ni sawa na ukuta wa kuzuia udongo kando ya barabara. Kifusi kikavu husukuma pembeni kwa kama theluthi ya uzito wake. Kikijaa maji, maji husukuma kwa kina chake chote, na kifusi chenyewe chatoka tani 1.8 hadi kama tani 2 kwa mita mchemraba. Halafu weka treni juu, karibu na ukingo.

#6 Mwashi wa Kibokoni
Shukran, Kipande. Basi naongeza kwenye hoja yangu: tao haliui daraja, kifusi chenye maji ndicho kiuacho. Matundu ya kutolea maji yakizibika na matope na mizizi, ubavu huanza kutoa tumbo. Kule kwenye baridi ni balaa zaidi, maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 na kusukuma mawe ya uso nje, majira baada ya majira.

#7 Mkondo
Mimi nasema mnaangalia juu ilhali kifo chatoka chini. Stone Arch Bridge la Minneapolis, juu ya mto Mississippi, chini kidogo ya maporomoko ya St. Anthony. James J. Hill, tajiri wa reli, alilijenga, likamalizwa 1883, matao 23, mita 640, granite na mawe ya chokaa. Mafuriko ya 1965 yalichimba chini ya nguzo na sehemu ya daraja ikashuka. Kifusi hakikuhusika, wala chokaa.

Nguzo mtoni hubana mkondo, na maji yakibanwa huenda kasi. Yakigonga pua ya nguzo huzama chini, hujizungusha na kuchimba shimo mbele na ubavuni. Shimo huwa refu zaidi mafuriko yakiwa kileleni. Maji yakipungua, mchanga hurudi na kulifukia. Mkaguzi akija baada ya wiki mbili na kamba yake ya kupimia kina, hukuta chini pako sawa na huandika "salama". Ule mchanga mpya haubebi kitu. Yapasa kuchoma fimbo ya chuma mpaka igonge sakafu ngumu, pande nne za kila nguzo, na kulinganisha na kipimo cha mwaka uliopita.

#8 Likoni Feri
Ukurasa mzima wa madaraja ya reli na simba wa Tsavo hajatokea? Au mnamsubiri #20?

Swali la kweli: sisi mbona hatuna viadukti za mawe, yaani madaraja marefu ya nguzo nyingi, kama hizo? Mombasa ni mji wa mawe, Ngome ya Yesu ipo tangu 1593, waashi walikuwepo.

#9 Kipande cha Reli
Simba wala watu waliingia 1898, na daraja walilolikawiza halikuwa la matao: nguzo za mawe, juu mihimili ya chuma. Kwa hiyo mawe tulikuwa nayo, ila yalitumiwa pale yanapogandamizwa tu.

Kwangu sababu ni haraka. Reli ilianza Kilindini 1896 na kufika Kisumu mwisho wa 1901, zaidi ya kilomita 930. Hata kuvuka Makupa walianza na daraja la mbao. Kwenye kuteremka Mau waliagiza viadukti 27 za chuma kutoka Marekani, zikaja vipande vyenye namba, zikafungwa kwa ribiti. Tao lataka kiunzi, lataka kungojea, lataka mwashi kwa kila jiwe.

#10 Tanuu la Chokaa
Haraka peke yake haielezi. Angalia maji. Jangwa la Taru maji yaliletwa kwa treni hata ya kunywa. Chokaa yataka maji ya kuzimulia, ya kuchanganyia na ya kulowesha jiwe. Pia jiwe la Ngome ni tumbawe, jepesi na laini, lachongeka kwa shoka. Kwa nyumba na ngome ni jema, kwa pete ya tao la reli, yaani mawe yenyewe ya upinde, silishauri: lanyonya maji, na chumvi yalila kutoka ndani.

#11 Kipimo
Mimi naona jambo la tatu, lile la #2. Tao lataka pembeni pasiposogea. Carrollton na Thomas yamesimama penye mwamba karibu. Mto wa kwetu wenye kingo za mchanga, unaokauka miezi minane kisha kuja na mafuriko ya siku mbili, si mahali pa kusukuma 5w pembeni. Mhimili wa chuma washusha mzigo chini tu. Hata SGR ya 2017 imejengwa kwa nguzo za zege na mihimili bapa juu yake.

#12 Likoni Feri
Nimeuliza moja nimepata sababu tatu. Endeleeni. Na hilo tao hujengwaje, kama mawe hayajishiki mpaka jiwe la mwisho liingie?

#13 Mwashi wa Kibokoni
Kwa kiunzi cha mbao chenye mgongo wa umbo la tao. Utaratibu:

Kiunzi hukalia kabari za mti mgumu, mbili mbili zikielekeana, au masanduku ya mchanga yenye kizibo chini. Mawe hupangwa kuanzia pande zote mbili kwa mwendo mmoja. Upande mmoja ukitangulia mawe matatu, kiunzi chalala. Mawe yakifika kama theluthi ya mzunguko, mabega hubana kiunzi na kilele chake huinuka, hivyo hutangulizwa rundo la mawe kileleni kama uzito. Jiwe la kufungia huingia mwisho, hugongwa kwa nyundo ya mbao, halilazimishwi. Kifusi cha mabegani hutiwa kabla ya kifusi cha kileleni.

Kuteremsha kiunzi ndipo watu huharibu. Legeza kilele kwanza, milimita chache, ngoja, pima, endelea. Masanduku ya mchanga ni mazuri kwa hili: wafungua kizibo, mchanga watiririka, kiunzi chashuka bila kishindo. Na penye matao mengi, usiteremshe kiunzi cha tao moja kama la jirani halijafungwa. Nguzo ya katikati ni nyembamba, yategemea kusukumwa pande mbili sawasawa. Ndiyo sababu viadukti ndefu huwekewa nguzo nene kila baada ya matao kadhaa, ili moja likianguka yasifuatane yote.

#14 Tanuu la Chokaa
Mwashi, umenisaidia mwenyewe. Maidenhead, 1838: kiunzi kilelegezwa kabla saruji haijakomaa, na tao moja likajongea, tabaka za chini zikaachana. Likatengenezwa. Baadaye kiunzi kiliachwa mahali pake kikiwa hakigusi kitu, mpaka dhoruba ya 1839 ikakiangusha na matao yakabaki. Basi siku ya kuteremsha kiunzi, kiungo ni muhimu au si muhimu?

#15 Mwashi wa Kibokoni
Maidenhead ni matofali. Na mwisho wa kisa chako tao limesimama.

#16 Bint Makupa
Nirudi kwa Mkondo, #7. Minneapolis lilikuwa na matao 23, lakini kabla ya yale mafuriko ya 1965 matao mawili yaliondolewa, pakawekwa daraja la chuma ili mashua za mizigo zipite kuelekea kwenye lango la maji. Kwa maneno ya #13, ukitoa matao mawili katikati, nguzo za jirani zabaki zikisukumwa upande mmoja. Mwaweza kusema mafuriko peke yake ndiyo yaliyotenda?

#17 Mkondo
Hoja nzuri, lakini chuma kiliwekwa na nguzo za pale zilishughulikiwa. Nguzo iliyosukumwa upande mmoja huinama, na nguzo iliyochimbwa chini hushuka. Kilichoonekana 1965 ni kushuka.

#18 Bint Makupa
Nguzo iliyochimbwa upande mmoja hushuka na kuinama pamoja. Sijashawishika.

#19 Fundi Nyufa
Nyinyi mnabishana sababu, mimi niwape njia ya kusoma. Ingieni chini ya tao mchana na tochi, mtazame ufa unakwendaje.

Ufa unaofuata njia ya reli, karibu na ukingo, sentimita 40 hadi 60 kutoka uso wa nje: ukuta wa ubavu unavutwa nje, kifusi chasukuma. Hiyo ndiyo habari ya Rockville. Ufa unaokata njia ya reli, uko kileleni na umefunguka chini: nguzo zimeachana. Umefunguka mabegani kwa juu na kilele kimeshuka: sababu ni ile ile, bawaba zaanza. Ufa wa kimshazari kutoka kona moja ya nguzo: pembe moja ya msingi imezama, mwite Mkondo. Mawe yaliyoporomoka kileleni bila ufa mrefu: viungo vimeliwa na mtikisiko wa treni, mwite Tanuu.

Upana wa ufa hausemi mengi, mwendo wake ndio husema. Gundisha kioo chembamba au weka misumari miwili ya shaba, pima kila mwezi kwa mwaka mzima, saa zile zile za siku. Tao hupumua kwa joto, hupanda kileleni likichomwa na jua na kushuka usiku. Ukipima mchana mwezi huu na alfajiri mwezi ujao utaandika habari ya uongo.

#20 Likoni Feri
Fundi Nyufa, mikono juu. Na huo ukuta uliotoa tumbo watibiwa vipi?

#21 Fundi Nyufa
Tumbo likiwa dogo na halisogei: zibua matundu, funua kokoto na mataruma, weka utando wa kuzuia maji juu ya kifusi wenye mteremko kuelekea kwenye mabomba. Likisogea: toboa kutoka ubavu hadi ubavu, pitisha nondo za chuma, ufunge kila mwisho kwa sahani pana, kaza kidogo kidogo. Usikaze mpaka ukuta urudi ulipokuwa, utavunja mawe. Lengo ni usiendelee. Kama ni mbaya zaidi, toa kifusi chote na umwage zege mahali pake, lakini hapo umebadilisha uzito, na mstari wa Kipimo upigiwe hesabu upya.

#22 Tanuu la Chokaa
Na viungo, kwa kuwa mmeniita. Kwangua chokaa iliyooza kwa patasi na nyundo, kina mara mbili ya upana wa kiungo, si chini ya milimita 25. Msitumie mashine ya kukatia, hula kingo za jiwe. Osha vumbi kutoka juu kwenda chini. Lowesha mpaka jiwe likate kiu, maji yasituame. Chokaa inayoganda majini kipimo 1, mchanga mkali vipimo 2 na nusu, mchanga wa mto au wa kusagwa. Mchanga wa pwani una chumvi, uacheni. Jaza kwa tabaka za milimita 20, shindilia, ngoja ikaze, endelea. Funika na magunia yaliyoloweshwa, siku saba au zaidi, jua lisiiguse.

Anayejaza kwa saruji tupu afunga maji ndani. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipumui, hivyo unyevu hutokea kwenye jiwe. Baada ya miaka kiungo chasimama nje kama mbavu na jiwe limeliwa. Hayo tunayaona kwenye kuta za Mji wa Kale pasipo treni hata moja.

#23 Kipimo
Kuhusu treni nzito, swali la #1 halijajibiwa kwa namba. Daraja la mita 8 kutoka ubavu hadi ubavu, unene wa wastani wa mawe na kifusi mita 3, tani 2.2 kwa mita mchemraba: kama tani 53 kwa kila mita ya urefu. Treni ya makaa ya mawe, behewa tani 130 kwa mita 16, ni tani 8 kwa mita. Njia mbili, 16. Mzigo wote wa treni haufiki theluthi ya uzito wa daraja lenyewe, kwa hiyo mstari wa msukumo hausogei sana. Mhimili wa chuma unaovuka nafasi ile ile ni mwepesi, na kila treni nzito huuhisi.

#24 Kipande cha Reli
Hesabu yako ni ya mzigo uliotandazwa sawa. Ekseli moja ya tani 32 ikiwa robo ya tao, na upande wa pili mtupu, ndiyo inayosogeza mstari. Ongeza breki, na penye kona ongeza nguvu ya kutupwa nje. Thomas Viaduct liko kwenye kona, nguzo zake zimejengwa kama kabari, nene upande wa nje na nyembamba wa ndani. Aliyelichora, Benjamin H. Latrobe wa pili, hakuacha uzito peke yake ufanye kazi.

#25 Mwashi wa Kibokoni
Hata hivyo limepita mafuriko ya 1868 na ya 1972. Tena tazameni Solkan, Slovenia, juu ya mto Soča: tao la mita 85, mawe 4,533, lilimalizwa 1905. Likalipuliwa vitani 1916. Waliporudi kulijenga 1925 hadi 1927, wakati zege la nondo lilikuwa limeshaenea, walijenga tena kwa mawe ya kuchongwa. Kwa upana huo, uzito ni rafiki.

#26 Tanuu la Chokaa
Upana huo viungo vyake vilijazwa na kushindiliwa kimoja kimoja. Na kuhusu matofali uliyoyakwepa #15: tao la pete tatu nne za matofali, viungo vya baina ya pete vikifa, pete huachana na kila moja hubeba peke yake. Uwezo hushuka sana, na kutoka chini hakuna ufa unaoonekana, ila ukigonga kwa nyundo pasikika mvumo wa uwazi.

#27 Mwashi wa Kibokoni
Pete za matofali nakupa. Pete moja ya mawe bado sikupi.

#28 Mkondo
Na nguzo za mtoni bado hamjazichoma fimbo.